Mgeni wa Chumba cha Baridi

Umeme wa Makambako ulikatika asubuhi, jua likaelekea kuzama haujarudi, lakini samaki wa Feliciana walikuwa wagumu kama kuni.

Jambo hilo lilimkera. Halikumtisha bado, maana Feliciana alikuwa mwepesi wa hasira kuliko wa woga, na alitaka kila kitu kiwe kama kinavyopaswa kuwa. Jenereta lilikuwa limekauka dizeli. Barafu iliyokuja na samaki kutoka Kilwa ilikuwa imekwisha kuwa maji. Mtu yeyote mwenye akili zake angetegemea chumba kile cha baridi kiwe kimeanza kutoa jasho, na mwenye mali awe barabarani anapiga kelele samaki waondoke kabla hawajaharibika, kama walivyokuwa wakifanya wenzake sokoni. Badala yake alisimama mlangoni amejikunyata ndani ya sweta, pumzi zinamtoka nyeupe, anakodolea ukuta.

Barafu ilikuwa imeota upya ukutani. Tena haikuota kama barafu inavyoota. Ilikuwa na matawi. Ilikuwa na vidole na vichaka, na mabonge yenye mikunjo kama ubongo wa ng'ombe, vyote vyeupe pe. Na chumba kilinuka. Harufu ya samaki alikwisha kuizoea, hii ilikuwa nyingine: harufu ya maji ya chumvi yaliyochemshwa na majani, yakasahauliwa motoni.

"Oliva!"

"Abee, dada." Sauti ilitoka nyuma ya makreti.

Oliva alikuwa mdogo wake, kitinda mimba. Mama yao alipokuwa anakata roho kule Lupembe hakuzungumzia shamba wala nyumba. Alimshika Feliciana mkono akamwambia, huyu usimwache. Feliciana akamchukua, akamsomesha mpaka kidato cha nne, akamfundisha biashara ya samaki. Kwa watu alisema Oliva ni mzembe na anakula sana. Ukweli ni kwamba asingeweza kuishi wiki moja bila kumsikia akiimba nyimbo za kwaya huku anaparua magamba.

Alizunguka makreti. Oliva alikuwa amekaa sakafuni, miguu mitupu. Mbele yake palikuwa na kigoda, na mbele ya kigoda sahani ya ugali na maharage. Kwenye kigoda hapakuwa na mtu.

"Unafanya nini humu? Unataka nimonia?"

"Nimemletea mgeni chakula."

"Mgeni gani, wewe?"

"Sema taratibu, dada, atakusikia." Oliva aliangalia kigoda, akainamisha macho kwa heshima. "Nilikuwa napanga makreti. Sauti ikatoka kwenye lile la chini, ikanisalimu, kamwene. Nikaitikia, kamwene. Akasema amechoka na safari, anaomba apumzike mahali pa baridi. Nikamwambia karibu, nikamletea kigoda. Ulitaka nifanyeje? Nimnyamazie?"

Na kosa lilikuwa hapo. Mtoto aliyekulia pwani angenyamaza. Kule wanajua kwamba sauti isiyo na mwenyewe haiitikiwi. Unainama, unaendelea na kazi yako, inachoka, inakwenda. Lakini kwao Lupembe kutoitikia kamwene ni tusi. Mgeni anapewa kigoda, anapewa chakula, na haulizwi anatoka wapi mpaka ameshiba. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna wageni wasiofaa kupewa kigoda. Jini la baharini lingetafuta nini Makambako?

Feliciana aliinama kuchukua sahani. Ugali ulikuwa umeota chumvi juu yake, punje kwa punje, na katikati palikuwa na alama ya mkono. Mkono ule ulikuwa na vidole virefu kuliko vya mtu.

Akamkamata Oliva kwapani, akamburuta hadi uani, akamkalisha karibu na jiko la mkaa alilokuwa amebandikia chai.

"Kaa hapo upate joto. Mgeni, mgeni! Nitakupa mgeni mimi!"

Oliva akapiga ukelele. Ngozi ya mikono yake iliiva mara moja, nyekundu, kama mtu aliyemwagiwa uji. Kinywa kikafunguka, maji yakamtoka, maji mengi, ya moto, ya chumvi, yakafurika uani na kuzima jiko, na ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe vilivyogonga sakafu ya saruji kama meno. Kisha akasema, kwa sauti nene ambayo haikuwa yake, kwa Kiswahili laini cha pwani ambacho mtoto wa Lupembe hakukijua:

"Bibie, unaniunguza. Nami nikiungua, naungua na huyu."

Feliciana hakungoja aambiwe mara ya pili. Alimrudisha mdogo wake kwenye baridi kwa mikono yake mwenyewe, akafunga mlango, akakaa chini nje ya mlango ule.

*

Kuanzia siku hiyo biashara ilisimama. Feliciana aliwaambia wateja hauzi, akawa analinda mlango. Akienda chooni anakimbia. Hakuweza kumtoa Oliva, hakuweza kumwacha, na kila alipoingia kumtazama alimkuta amepungua. Hakupungua mwili. Alipungua yeye mwenyewe. Kwanza aliacha kuimba. Halafu akaacha kusema Kibena cha kwao. Kucha zikawa za bluu, nywele zikawa hazikauki. Asubuhi moja Feliciana alimuuliza, "Mama yetu alikuwa anaitwa nani?" na Oliva alifikiri kwa muda mrefu, akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

Davis aliyemletea samaki aliporudi na kenta yake, hakupata hata nafasi ya kuzima injini. Feliciana alimshika kola kupitia dirishani.

"Samaki wa safari ile ulitoa wapi?"

"Shikamoo kwanza, dada Feli."

"Shikamoo yako kaa nayo. Ulitoa wapi?"

Davis alimwangalia usoni, akaona leo si siku ya mzaha. "Kwa wavuvi walewale. Ila hawakuvua palepale." Akashusha sauti. "Dada, bahari imeharibika. Miamba ya karibu imekufa yote, imekuwa myeupe kama mifupa ya mbuzi. Unatupa nyavu unatoa maji. Walikuja watu wa chuo na vipimajoto vyao, wakasema maji yana homa, ni moshi wa magari na viwanda vya dunia nzima unafunika joto. Sasa wavuvi wana watoto, watakula nini? Wakaenda kwenye Mwamba wa Bibi."

"Ndio nini?"

"Ni mwamba ulioachwa. Babu zao hawakuvua pale. Wanasema una wenyewe. Waliniambia samaki wako mlangoni mwa mwamba tu, wamelundikana, wengine wamekufa wanaelea. Wakajaza makreti upesi wakaondoka."

"Na wewe ukaniletea."

"Mimi ni dereva, dada. Sikuulizi wewe samaki unawauzia nani."

Alimwachia kola. Alitamani kumpiga, lakini kwa haki ya Mungu hakuona ampige kwa kosa lipi.

*

Alianza na kanisa. Nikodemo, katekista wa kigango chao, alikuja na maji ya baraka na kitabu chake cha sala. Alinyunyiza. Matone yakaganda hewani, yakaanguka yakilia kama shanga. Akasali mpaka mwisho, na alipomaliza, ile sauti nene ikajibu kutoka kinywani mwa Oliva, kwa unyenyekevu kabisa:

"Amina."

Nikodemo alitoka nje, akajifuta uso. "Feliciana, huyu haogopi sala. Anasali na sisi."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Nitamwona Padre." Akaenda, na Padre alikuwa safarini.

Ndipo Feliciana akaenda stendi kwa fundi friji, mzee wa Kilwa aliyeitwa Mwinchande. Watu wote walijua kwamba mchana anatengeneza friji, na akibembelezwa anaandika kombe na kuwasomea dua wenye majini.

"Fundi, sikuja kubadili dini. Kuna kitu kimemwingia mdogo wangu. Unaweza au huwezi?"

"Nikiona nitasema, mama."

"Usije ukanizungusha na mbuzi mweusi na kuku mwekundu."

"Nimesema nikiona nitasema."

Alikuja na chetezo, sahani nyeupe ya kombe na mkeka. Aliingia chumbani amevaa makoti mawili. Alipoona ile barafu ya matawi ukutani, mkono uliobeba chetezo ukashuka. Alisogea akaigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa uso wa ndugu aliyekufa.

"Matumbawe," alisema polepole. "Haya ni matumbawe. Huu hapa ni kama mwamba wa kwetu."

Akakaa, akafukiza ubani, akasoma. Oliva alikaa juu ya kreti, mikono magotini, akisikiliza. Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini hayakudondosha chozi. Maji yalikwenda na kurudi ndani ya jicho, yakipwa na kujaa.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mwinchande.

"Mgeni."

"Wa wapi?"

"Mwamba wa Bibi. Babu yako alikuwa akipita pale ananimwagia marashi. Alikuwa na ngalawa yenye tanga la viraka."

Mwinchande aliongeza ubani. "Unataka nini? Kitambaa? Pete? Halua?"

"Baridi."

"Nitakurudisha kwenu."

Feliciana alisikia ukuta ukipumua, kwenda na kurudi, kama mawimbi yaliyo mbali sana.

"Nirudishe," ilisema ile sauti. "Ukinirudisha nitakushukuru. Ila nionyeshe kwanza kwetu ni wapi. Nilikuwa na bustani. Maji yakapata joto, nikasema ni joto la kaskazi, litapita. Kaskazi ikapita, joto halikupita. Matumbawe yakatema rangi zao, yakabaki mifupa. Changu wenye nguvu wakahamia kwenye kina, wasio na nguvu wakaja kufia mlangoni kwangu, wakinitazama, kama kwamba mimi naweza jambo. Kasa wanapanda kutaga, mchanga ni wa moto, wanaanguliwa majike watupu. Watazaa na nani? Mwani wa akina mama unaozea kambani. Nikakaa kwenye pango langu kama mtu aliyefungiwa jikoni. Kisha wavuvi wenu wakaja na kreti, na ndani ya kreti mna barafu. Wewe usingeingia?"

Mwinchande aliinua macho, akautazama tena ule ukuta.

"Huyu binti alinipa kigoda," ilisema. "Ndani yake kuna baridi ya milima. Ni pazuri. Nitakaa mpaka paishe."

Mwinchande alisimama, akaanza kukunja mkeka. Feliciana alimfuata hadi nje.

"Fundi! Ndio nini sasa?"

"Nilikuahidi nitasema, nasema. Kazi yangu ni kuwarudisha kwao. Unamtisha, unambembeleza, unampa anachotaka, anarudi. Sijawahi kukutana na asiye na kwao." Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Mama, ule ni mwamba wa babu yangu."

"Mimi namtaka mdogo wangu."

Mwinchande aliubana mkeka kwapani. "Liko jambo moja. Angevunja mlango, tungemfukuza. Lakini amekaribishwa. Aliyekaribishwa husindikizwa. Mkubwa wa nyumba amchukue, amfikishe mahali anapoweza kulala, amuage, ageuke arudi. Akiridhika na mahali, atabaki."

Hilo Feliciana alilielewa bila kuelezwa. Kwao mgeni haagwi mlangoni. Unamchukulia mzigo wake, unakwenda naye mpaka mahali ambapo njia yake inajulikana, mnashikana mikono, ndipo unageuka.

Alirudi chumbani peke yake, akasimama mbele ya Oliva.

"Mimi sizunguki," alisema. "Napajua mahali pa baridi kuliko hapa. Juu kule Makete, Bulongwa ukiipita, ukipanda mpaka kwenye uwanda. Mwezi huu maji yanaganda kwenye madimbwi na majani yanakuwa meupe. Kuna bwawa dogo la maji safi. Nitakufikisha. Ukifika, umtoke huyu."

Yale maji ndani ya macho ya Oliva yalitulia. "Hiyo baridi hamuipiki?"

"Kuipika vipi?"

"Hii ya humu mnaipika. Nje kuna mashine inakula mafuta na kutoa moshi. Mnapika baridi kwa moto. Mnashangaza."

"Ile ni ya Mungu. Haina mashine."

"Usinidanganye, bibie. Nimechoka."

"Sijawahi kumdanganya mtu," alisema Feliciana, na ilikuwa kweli.

*

Waliondoka mchana. Davis hakutaka, lakini Feliciana alimwambia maneno mawili matatu ambayo hayafai kuandikwa, akakubali. Oliva aliwekwa nyuma, ndani ya bodi ya baridi ya kenta, katikati ya makreti, na Feliciana akakaa mbele, shingo imegeukia kidirisha kidogo cha nyuma.

Njombe waliikuta imemezwa na ukungu. Watu walipita kando ya barabara wamejifunika mablanketi, mbele ya maduka majiko ya mahindi yakitoa moshi, na kila kenta ilipopunguza mwendo watu wale waligeuka na kunusa, wakaulizana, kwa sababu harufu ya bahari ilikuwa inapita katikati ya mji wa viazi na miti ya mbao.

"Dada Feli," Davis alinong'ona. "Unasikia?"

"Endesha."

"Mzigo unaimba."

Ni kweli ulikuwa unaimba. Zilikuwa zile nyimbo za kwaya za Oliva, lakini zilizoimbwa kwa sauti ile nene, taratibu, maneno yamekosewa, kama mtu anayejaribu nguo za mwenye nyumba wakati mwenye nyumba amelala. Na chini ya wimbo mawimbi yalikuwa yakipiga kuta za bodi, kwa nguvu iliyoongezeka kila walipopanda mlima, mpaka usukani ukawa unamvuta Davis kushoto na kulia na yeye akawa anasali Salamu Maria bila kukumbuka kwamba yeye ni Mlutheri.

Walilala Bulongwa ndani ya gari, kama walilala. Kabla hapajapambazuka wakapanda uwandani, barabara ilipokwisha wakaendelea kwenye majani, na mwanga ulipoanza kuonekana Feliciana aliona alichokiahidi: uwanda wote umekuwa mweupe, kila jani limevaa sindano za barafu, na bwawa dogo limefunikwa na kioo chembamba. Moyo wake ulipanda. Pembeni ya shamba la viazi mkulima mmoja alikuwa anaota moto, akawapungia mkono.

Akafungua bodi. Oliva alishuka mwenyewe. Alikwenda mpaka bwawani, akapiga magoti, akaweka viganja juu ya kile kioo, na kioo kikapasuka kutoka katikati hadi kingo zote kwa sauti kama ya karatasi. Kitu kilipita ndani ya maji. Kilikuwa kirefu, kilizunguka bwawa na kujikunja mara nyingi kabla hakijapata nafasi ya kulala. Oliva alianguka ubavu.

"Kwaheri, mgeni," alisema Feliciana, meno yanagongana. "Tumefika. Lala salama."

Aligeuka. Hakutazama nyuma. Alimbeba mdogo wake hadi kwenye moto wa yule mkulima, na njiani alisikia mwili ule ukianza kupata joto, taratibu, kama chungu.

"Dada," Oliva alisema, kwa Kibena. "Nina njaa."

Feliciana akalia. Alilia na kutukana papo hapo, akimwita Oliva mzembe, mlafi, mjinga, akimfunika kwa sweta lake. Mkulima, aliyejitambulisha kwa jina la Lameki, alicheka akamchagulia Oliva viazi vilivyoiva majivuni.

"Mmekuja kuona barafu?" aliuliza. "Mmepata bahati. Siku hizi inakuja mara moja moja tu."

Feliciana aliacha kulia. "Mara moja moja vipi?"

"Zamani ilikuwa inakaa. Tulipokuwa watoto tulikanyaga madimbwi magumu mpaka karibu na adhuhuri, wiki kwa wiki. Sasa hivi jua likitoka tu, kwisha. Mwaka jana haikuganda kabisa. Hata wadudu wa viazi waliokuwa huko chini wamepanda, wako nasi." Akanyoosha kidole. "Si unaona? Linatoka hilo."

Jua lilikuwa limetokeza juu ya mgongo wa mlima. Weupe ulianza kuondoka upande wa mbali wa uwanda, ukaja mbio, ukivuliwa kama shuka, na nyuma yake majani yakabaki ya kijani yanayotoa mvuke. Ukafika kwenye bwawa. Ukalivuka.

Kisha kwenye majani yaliyokwisha kuyeyuka ukatokea mstari mweupe. Ulianzia ukingoni mwa bwawa. Ulikuwa unakuja, jani moja baada ya jingine likiganda, bila haraka na bila kukata kona, ukielekea kwenye moto, ukielekea mahali Oliva alipokaa na kiazi mkononi. Oliva aliuona. Kiazi kikamdondoka, na midomo yake ikaanza kuwa ya bluu kabla mstari haujamfikia, na kwa midomo hiyo ikatoka nusu ya ile sauti:

"Umenidanganya."

"Sikukudanganya! Sikujua!" Feliciana alikuwa amesimama katikati ya mstari na mdogo wake, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani. "Nilikuwa nakumbuka ya utotoni. Nilidhani bado iko!"

"Nami nilidhani ni kaskazi," ilisema. "Sogea, bibie. Nimepazoea pale."

"Humrudii."

"Alinikaribisha."

"Huyu ni mtoto wa nyumba. Mwenye nyumba ni mimi, na mimi sijakukaribisha hata siku moja." Baridi ilikuwa imekwisha kumpanda vidoleni, magotini, na alijua anachotaka kusema na alijua kikishasemwa hakirudi, naye hakuwa mtu wa kusema neno na kulirudisha. "Basi nakukaribisha. Nimezaliwa milima ileile. Nimekaa kwenye baridi miaka mingi kuliko yeye. Karibu."

Mstari ulisimama. Ulisimama kama mtu anayefikiri. Midomo ya Oliva ikarudi rangi yake, akashika kichwa, akaanza kupiga kelele, "Dada, usifanye, dada!" Lameki akamkamata mabega bila kuelewa anamshikia nini.

Feliciana alitembea kwenda kwenye kenta. Hakukimbia, maana maji yalikuwa yanamjaa kutokea chini na miguu ilikuwa mizito. Alipanda kwenye bodi. Davis alikuwa ameshika mlango, machozi na makamasi yanamtiririka.

"Funga," alimwambia.

"Nikupeleke wapi, dada?"

"Nyumbani. Weka dizeli kwenye jenereta, uliwashe, usilizime. Umesikia? Huyo mtoto abaki kwa mkulima, asije akasogelea mlango. Akija mpige."

"Moshi, dada..."

"Najua moshi! Funga!"

Akafunga. Komeo likaingia mahali pake. Kwa nje mikono ya Oliva ilipiga bati, ikapiga na kupiga, kisha injini ikaunguruma na ile mikono ikaachwa nyuma, ikawa midogo, ikanyamaza.

Ndani palikuwa giza, na lile giza lilikuwa na maji. Feliciana alikaa juu ya kreti akakunja mikono magotini, akajaribu kushika mambo yake yasiondoke, jina la mama, kanisa la Lupembe, harufu ya chai ya motoni, akiyarudiarudia huku kenta ikishuka milima, ikipita Bulongwa, ikipita Njombe kwenye ukungu wake, na kila alipolishika jambo moja alikuta jingine limekwisha kulowa na kuteleza, na mgeni alikuwa amekaa ndani yake kimya, bila ubaya wowote, kama mtu aliyepata kitanda baada ya safari ndefu.

Gari lilipunguza mwendo. Alizijua zile honi: walikuwa wamefika njia panda ya Makambako, malori ya pwani yanapoingia mjini. Alimsikia Davis akisalimiana na dereva mwingine kupitia dirishani, na yule mwingine akajibu kwamba yeye pia katoka Kilwa na makreti ya samaki na barafu, na nyuma yake zinakuja gari nyingine nyingi.

"Wewe," Feliciana alimwambia mgeni wake, kwa kinywa kilichokwisha kufa ganzi. "Mko wangapi?"

Mlango wa bodi haukufunguliwa, na komeo halikusogea. Ila gizani, kuta hadi kuta, alisikia maji yakijongea taratibu na kwa adabu, kama waumini kwenye benchi la kanisa wanaobanana ili mwingine apate pa kukaa.